Feni ya dari ya chumba cha kulala imechoka, niweke ya aina gani? (Tudor, Mombasa)

UmmSalim_Tudor

Assalam aleikum, na hamjambo nyote. Nataka ushauri kabla sijatoa pesa. Feni ya chumba chetu cha kulala imefika ukingoni. Ni zile za zamani, mabawa matatu ya bati, inchi 48, tuliikuta hapo tulipohamia. Siku hizi hata ukiifungua namba tano yazunguka kwa kuburutwa, na usiku yagonga tak, tak, tak mpaka usingizi waruka. Na huu ndio msimu wenyewe, Februari na Machi, jani halitikisiki na shuka zashikana na mwili.

Chumba ni futi 12 kwa 11. Dari ni slabu, futi 9 kutoka chini. Tumepanga, na mwenye nyumba ameshasema feni ni shauri letu.

Nimepita maduka ya stima mjini. Duka moja wameniwekea feni nzuri sana, mabawa matano ya rangi ya mbao, taa katikati na rimoti. Duka la pili muuzaji akasema niachane na urembo nichukue inchi 56, kubwa ndiyo yenye baridi. La tatu wakanitolea ile wanayoiita BLDC, yenye mota inayoendeshwa na saketi ya kielektroniki, eti haili tokeni za stima. Nimerudi nyumbani na kichwa kizito kuliko nilivyokwenda. Chumbani tunalala na mtoto wa miaka mitatu, na chandarua hatuwezi kuacha. Semeni nanyi.

KiembeniBoy

Dada, chukua AC tu umalize maneno 😂

UmmSalim_Tudor

@KiembeniBoy na tokeni utanunua wewe?

Fundi_Likoni

Wa aleikum salaam mamangu. Mimi kazi yangu ni hii ya stima na mota, nikwambie kitu kabla hujafungua pochi. Hiyo feni uliyo nayo ushaipima?

Fanya hivi. Zima stima kwenye swichi kuu, si swichi ya ukutani peke yake. Panda ngazi, isukume feni kwa mkono. Ikizunguka laini na kuendelea yenyewe kwa muda, beringi ni nzima, na huo uvivu wake mara nyingi ni kapasita imechoka. Kapasita ni kile kidude cheusi ndani ya kikombe cha juu, kimeandikwa 2.5 au 3.15 na alama ya mikrofaradi. Ni kitu cha mia kadhaa, si elfu. Dalili nyingine ya kapasita ni feni kukataa kuanza mpaka uisukume kwa ufagio, najua wengi mwafanya hivyo. Lakini weka namba ileile iliyoandikwa. Kuna watu huweka kubwa wakidhani watapata mbio zaidi, matokeo yake koili zapata joto na mota yaungua.

Ukisukuma kwa mkono ukahisi mkwaruzo, au yasimama ghafla, beringi zimekwisha. Hizo nazo hubadilishwa, nyingi ni saizi 6201 na 6202, zapatikana popote. Ukisikia harufu ya kuungua, hapo mota yataka kusukwa upya, na kwa feni ya zamani sikushauri, gharama yake yakaribia mpya.

Sasa hiyo tak tak. Hiyo yanitia wasiwasi zaidi kuliko uvivu. Mlio wa kugonga kila mzunguko mara nyingi watoka juu, pale feni ilipoangikwa. Kuna mpira pale kwenye kulabu, kuna bolti, na kuna pini ya kuzuia bolti isichomoke. Mpira ukiliwa, chuma chagonga chuma. Angalia hapo kwanza, na kitanda kisiwe chini yake mpaka uangalie.

Bi_Kizingo

Fundi amesema kweli. Sisi hapa kwetu tulikuwa tuko tayari kununua mpya, kumbe kapasita. Feni hiyo yapeperusha mapazia mpaka leo.

HesabuZaNyali

Naheshimu maneno ya fundi, lakini tuweke hesabu mezani maana watu huangalia bei ya dukani wakasahau bei ya kila mwezi.

Feni ya kawaida yenye mota ya zamani, inchi 48 au 56, hula wati 75 hivi kwa mbio za juu. Usiku wa saa kumi ni yuniti 0.75. Kwa mwezi wa siku 30 ni yuniti 22.5. Mimi huhesabu yuniti kwa shilingi 30 na kodi zake ndani ili hesabu iwe nyepesi, kwa hivyo ni shilingi 675. BLDC ya saizi hiyohiyo hula wati 30 hivi. Usiku mmoja yuniti 0.3, mwezi yuniti 9, shilingi 270. Tofauti ni 405 kwa mwezi, karibu elfu tano kwa mwaka, na hapo nimehesabu usiku tu. Mwenye mtoto wa miaka mitatu, feni hiyo yazunguka na mchana pia.

Tuseme BLDC imezidi ya kawaida kwa elfu tano. Mwaka mmoja imejilipa. Baada ya hapo wafaidi.

Na kuna jambo la pili. Huko Tudor jioni stima ikielemewa na volteji ikishuka, feni ya kawaida hushuka nayo. Ndiyo maana saa mbili usiku yazunguka kama mgonjwa, na saa tisa usiku imepata nguvu. BLDC ina saketi ya kurekebisha, mbio zake hazibadiliki kwa volteji kuyumba kidogo.

Fundi_Likoni

@HesabuZaNyali hesabu yako siipingi, ila umeifanya kwenye karatasi ambayo stima haipotei. Hapa Mombasa stima yapotea, na ikirudi yarudi kwa kishindo. Ile saketi ndani ya BLDC ndiyo ya kwanza kuumia. Mota ya kawaida ni koili, kapasita na beringi, vitu vitatu, fundi yeyote wa mtaani aijua. Saketi ya BLDC ikifa, nami nikikufungulia, nitakwambia niletee nyingine ya modeli hiyohiyo. Utaitoa wapi? Ongeza chumvi ya bahari. Nyali kwenu huko ufukweni nimefungua vifaa nikakuta mistari ya shaba ya saketi imekuwa kijani.

Sikatai BLDC. Nasema usinunue BLDC ya duka ambalo halina saketi ya akiba na halikupi waranti ya maandishi. Muuzaji akikwambia "hiyo haiharibiki," ondoka.

MpangajiChangamwe

Mimi ninayo BLDC, na hesabu ya tokeni ni kweli, imeshuka naiona. Lakini niongeze mawili ambayo hakuna aliyeniambia. La kwanza, ile regulata ya ukutani, ya kuongeza na kupunguza mbio, lazima itolewe, feni iunganishwe moja kwa moja na swichi. Ukiiacha regulata ya zamani ikae mbele ya BLDC, saketi yaharibika. La pili, ulizia stima ikipotea kisha ikarudi feni yafanyaje. Nyingine huendelea pale ilipoachia. Nyingine hulala mpaka ubonyeze rimoti. Sasa saa nane usiku, giza, jasho, mtoto analia, na rimoti iko chini ya kitanda. Haya.

UmmSalim_Tudor

Subhanallah, hilo la rimoti sikulifikiria kabisa. Na rimoti ndani ya nyumba yenye mtoto wa miaka mitatu haikai wiki.

@Fundi_Likoni nitamwomba mume wangu apande leo aangalie kulabu. Kitanda tushakisogeza.

Lakini hakuna aliyeniambia kuhusu ile nzuri ya mabawa matano.

Mwana_Mji_wa_Kale

Mama, ile wachana nayo. Mabawa yale si mbao, ni unga wa mbao ulioshindiliwa na kubandikwa karatasi ya rangi. Dukani yang'aa kwa sababu haijaonja hewa yetu. Unyevu wa hapa ukiingia pale kingoni, ubao wafura, kisha ncha ya bawa yainama. Bawa moja likiinama zaidi ya wenzake feni yaanza kutikisika, na kutikisika ndiko kunakokula bolti na mpira. Zaidi ya hayo, ukiona feni imejaa mabawa usidhani ndio upepo. Nyingi katika hizo zimetengenezwa zizunguke polepole zipendeze sebuleni pa mtu mwenye AC. Watu wa joto kama sisi, mabawa matatu yaliyokatwa vizuri yatosha.

Kwa hapa pwani mimi nasema aluminiamu. Bati la chuma liking'oka rangi kidogo tu lashika kutu. Plastiki ngumu nayo ni nzuri, haishiki kutu wala haifuri, ila ziwe nzito kidogo, zile nyepesi zapiga kelele.

Kwetu Mji wa Kale tuna shida zetu. Nyumba ya mawe, dari ya boriti, na mwajua boriti ya mkoko haina urefu mkubwa, ndio maana vyumba vya zamani ni vyembamba, chini ya mita tatu upana, kisha virefu. Feni moja kubwa katikati, waliolala pembeni hawaipati. Tukaweka mbili ndogo, moja kila upande, na rodi ndefu kwa sababu dari iko juu mno. Feni ikigandamana na dari haina kazi, yataka nafasi ya kuvuta hewa, shubiri moja na zaidi kati ya bawa na dari.

MtuWaTanga

Wakubwa habari za huko. Sisi Tanga joto ni lilelile, chumvi ileile. Naunga mkono aluminiamu. Pangaboi, yaani feni ya dari, la mabawa ya kubandikwa tuliliona linamenyeka kama kitunguu. Swali langu: inchi 56 ni mbaya chumba cha kulala? Mimi nalo na halina kelele kabisa.

HesabuZaNyali

@MtuWaTanga si mbaya, na kwa kelele nakubaliana nawe. Feni ya inchi 56 huzunguka taratibu, mizunguko kama 300 hivi kwa dakika, na ile ya 48 kama 350 mpaka 380, kupata upepo wa kutosha. Kubwa ikienda polepole huwa kimya kuliko ndogo ikienda mbio. Ukiangalia kwenye boksi kuna namba ya hewa inayosukumwa, mita za ujazo kwa dakika. Igawanye kwa wati. Feni mbili za bei moja, ile inayotoa jibu kubwa ndiyo yenye akili. Wauzaji wengi hawajui hata namba hiyo iko pale.

Kwa futi 12 kwa 11, 48 yatosha, lakini mimi ningeenda 56 niiweke namba mbili usiku.

Bi_Kizingo

Haraka haraka nyinyi wanaume na namba zenu. UmmSalim, chumbani kuna kabati la ukutani? Lile la kufika mpaka dari?

UmmSalim_Tudor

Ndiyo, lipo, ukuta mzima wa upande ule mrefu. Kwa nini?

Bi_Kizingo

Milango ya juu, pale unapoweka mablanketi na masanduku, yafunguka kuja chumbani au yateleza?

UmmSalim_Tudor

Yafunguka kuja chumbani. Ngoja nipime.

UmmSalim_Tudor

Nimepima. Kabati lina kina cha futi 2. Mlango wa juu upana inchi 17. Kulabu iko katikati ya chumba kabisa.

Fundi_Likoni

Basi Bi Kizingo amemaliza kesi. Upana wa chumba futi 11 ni inchi 132. Nusu yake 66, toa kabati 24, zabaki 42 kutoka kulabu mpaka uso wa kabati. Feni ya 56 bawa lafika inchi 28 kutoka katikati. Zabaki 14. Mlango wako ni 17. Siku utakayofungua kutoa blanketi na feni yazunguka, utaokota vipande. Feni ya 48 bawa lafika 24, zabaki 18. Mlango wapita, kwa inchi moja tu, kwa hivyo hata hapo zima feni kwanza. Na inchi 18 ndiyo nafasi inayotakiwa kati ya ncha ya bawa na ukuta au kabati ili hewa izunguke.

48, mamangu. Habari ya 56 ishakwisha.

HesabuZaNyali

Nakubali, kabati limenishinda 😅 Kwa chumba kisicho na kabati msimamo wangu ni uleule.

KiembeniBoy

Mimi swali. Nyumba yangu ni ya mabati, chini kuna dari ya jipsamu. Kulabu hakuna. Fundi wa jipsamu amesema ataweka skrubu tu kwenye zile fremu zake.

Fundi_Likoni

@KiembeniBoy mwambie asiguse. Feni ya kawaida ni kilo 4 mpaka 6, na ile ya urembo yenye taa yazidi hapo. Na uzito si kitu, shida ni kwamba inatikisa usiku kucha. Fremu za jipsamu zimetengenezwa kubeba jipsamu. Yatakiwa mbao nene ilale juu ya mihimili ya paa, kulabu ifungwe hapo kwa bolti na nati mbili, kisha rodi ishuke kupitia tundu la jipsamu. Jipsamu isibebe hata gramu.

Na kwako wewe wa mabati ujue feni haipoozi hewa. Yasukuma hewa ikaushe jasho mwilini. Mchana mabati yakishika moto, hewa ya juu ni moto mtupu, na feni yaiteremsha ikupige usoni. Fungua madirisha pande mbili kwanza, hewa itoke, halafu feni. Ukitoka chumbani zima, haina kinachobaki "kimepoa" kwa ajili yako.

Mwana_Mji_wa_Kale

Na wa ghorofa ya mwisho chini ya slabu ni hivyohivyo. Slabu yanywa jua mchana kutwa, usiku yatoa. Watu wa juu hulaumu feni bure.

UmmSalim_Tudor

Ripoti. Mume wangu amepanda. Feni kwa mkono yazunguka vizuri, kwa hivyo fundi ulipiga penyewe kuhusu kapasita. Lakini juu kwenye kulabu mpira hamna kabisa, umekwisha, bolti imelika upande mmoja mpaka imekuwa nyembamba, na ile pini ya kuzuia hakuna. Badala yake mtu aliweka kipande cha waya wa kufungia nondo. Na bawa moja limepinda. Tumeishusha hivyohivyo, sitaki hata kuiona.

Kulabu yenyewe ina kutu juu juu.

Fundi_Likoni

Alhamdulillah mmeishusha.

Kulabu sasa. Kwaruza kutu kwa brashi ya waya uone chuma cha ndani. Nyumba nyingi za zamani za Mombasa zege lake limekula chumvi, nondo zashika kutu ndani, zavimba, zege lamung'unyika. Ukiona zege limepasuka kuzunguka kulabu au lina doa la kahawia linaloenea, hapo usiangike kitu. Fundi aje aweke sahani ya chuma yenye kulabu, kwa bolti nne za kutanuka ndani ya zege zima, pembeni ya pale palipooza.

Kama zege ni zima na chuma hakijapungua unene, jaza maji jerikeni ya lita 20, iangike kwenye kulabu kwa kamba imara, iache ilale. Hiyo ni kilo 20, mara nne ya feni. Chini pasiwe na mtu. Asubuhi angalia kama kuna unga wa zege sakafuni au ufa mpya.

Kufunga, mpate mtu mwenye leseni ya EPRA, ile mamlaka ya nishati, au fundi unayemjua kazi yake. Mwambie waya wa ardhini aufunge, ule wa kijani au kijani na njano. Nyumba za zamani utakuta nyekundu na nyeusi badala ya kahawia na bluu, nyekundu ndiyo yenye moto. Mafundi wa haraka wauacha waya wa ardhini ukining'inia ndani ya kikombe kwa sababu feni yazunguka hata bila huo. Bolti iwe mpya, mpira mpya, na pini iingie ikunjwe. Ile pini ni ya shilingi chache, nayo ndiyo inayozuia feni isikuangukie.

Rodi tumia ileile inayokuja kwenye boksi, ya futi moja. Dari yako futi 9 ni mita 2.74. Mabawa yatashuka sentimita 35 hivi kutoka dari, yabaki mita 2.39 kutoka chini. Yatakiwa yasiwe chini ya mita 2.3. Mtu asikushauri rodi ndefu zaidi.

MpangajiChangamwe

Na mtoto akirukaruka kitandani?

Fundi_Likoni

Mtoto wa miaka mitatu hafiki. Baba yake ndiye anayefika. Kitanda kina sentimita 60, mtu mzima asimame juu yake ainue mikono kufunga chandarua, vidole viko kwenye mabawa. Zima feni kwanza, kila mara.

Bi_Kizingo

Hapo kwenye chandarua nami nina neno. Kile cha mviringo kinachoning'inia kutoka dari hakiendani na feni juu ya kitanda, kamba yake iko njiani. Chukua cha pembe nne, ukifunge kwenye miti ya kitanda kama vitanda vya besera vya bibi zetu, au fremu ya mabomba. Juu yake pawe tambarare na pavutwe pakaze ili kitambaa kisivutwe na upepo kikapepea. Kisha ujue chandarua chapunguza upepo kwa kiasi kikubwa, ndiyo maana watu hununua feni wakasema ni mbovu. Kile chenye matundu makubwa kidogo chapitisha hewa vizuri, mradi mbu asipite.

Na msafishe mabawa. Vumbi la hapa likichanganyika na unyevu lawa gundi. Chukua foronya kuukuu, ivishe bawa zima, ubane, uvute. Uchafu wote wabaki ndani ya foronya, kitandani hauanguki.

Mwana_Mji_wa_Kale

Regulata je? Usiku mimi husikia feni yalia zzzz, kumbe si feni.

HesabuZaNyali

Ni regulata. Kuna zile kubwa za mraba za zamani, zapata moto, zapunguza mbio kwa kuchoma stima bure. Kuna za kielektroniki za kuzungusha taratibu bila hatua, hizo nyingi ndizo zinazoifanya mota ilie hasa mbio za chini. Na kuna za hatua zilizo na kapasita ndani, utasikia zabofya namba moja, mbili, tatu. Hizo hazilii. Kwa chumba cha kulala chukua hizo za hatua, tofauti ya bei haiumi.

UmmSalim_Tudor

Jamani nimenunua, na feni imefungwa. Jerikeni ilining'inia usiku kucha, zege halikutoa hata unga.

Nilianzia kwenye BLDC kwa sababu hesabu ya Nyali ilinivuta. Maduka mawili niliuliza saketi ya akiba, wakanitazama kana kwamba nimeuliza injini ya ndege. La tatu walisema waranti ipo lakini "kwa mota tu." Basi nikachukua ya kawaida, inchi 48, mabawa matatu ya aluminiamu, ina stika ya KEBS, shirika la ubora wa bidhaa, pamoja na regulata ya hatua. Kabla sijalipa nilimwambia aiwashe palepale dukani. Akanung'unika, lakini akaiwasha.

Fundi alikuja, akataka kuacha waya wa ardhini. Nikamwambia nenda kafunge. Akaniuliza, "Mama, wewe umesomea?"

Mara ya kwanza ilizunguka mbio lakini chini hakuna upepo. Akarudi juu, kumbe mabawa ameyafunga juu chini.

Fundi_Likoni

Hahaha. Au huwa ameunganisha waya za kapasita kinyume, feni yazunguka upande usio wake na kusukuma hewa juu. Ukisimama chini yazunguka na husikii kitu, ni moja ya hayo mawili. Ikitikisika siku za mwanzo, pima kwa rula kutoka dari mpaka ncha ya kila bawa. Zote ziwe sawa. Isiyo sawa kaza skrubu zake, usiikunje kwa mkono.

HesabuZaNyali

Elfu tano kwa mwaka, UmmSalim. Nasema tu.

UmmSalim_Tudor

@HesabuZaNyali siku watakapokuwa na saketi kwenye kabati la duka, nitarudi. Chumba cha watoto kinangoja.

KiembeniBoy

Dada hiyo ya zamani wauza? Mimi nina mbao tayari juu ya mihimili.

UmmSalim_Tudor

Chukua bure, uje na gari lako. Ila bawa moja limepinda na mabawa huuzwa kwa seti, usitafute moja peke yake. Kapasita 2.5 ununue mpya. Bolti ya juu nimeitupa, na ile waya ya nondo pia.